Halmashauri Hazikushindwa, Zimevuliwa Nguvu

Siku hizi ukitaka kupigiwa makofi katika kikao cha viongozi, zisimange halmashauri. Sema madiwani hawajasoma, watendaji wa kata wanakula fedha za POS, wakurugenzi hawana uchungu na mali ya umma. Kisha malizia kwa tiba ambayo kila mtu anaitarajia: kazi hii wanyang'anywe, ipelekwe kwa wakala wa Serikali Kuu, iingizwe kwenye mfumo mmoja unaosomeka Dodoma. Ukumbi mzima utakubaliana nawe. Maoni haya yamezoeleka mno hata hayatafutiwi hoja tena, na ndiyo yanayoongoza jinsi utumishi wa umma wa Tanzania unavyojirekebisha ili uendane na nchi iliyobadilika.

Ninayapinga. Wizi katika halmashauri upo, uzembe upo, na sitaufunika. Ninachokikataa ni hesabu inayofuata baada ya hapo. Kwanza tunaipokonya halmashauri chanzo cha mapato na kazi yake. Inapodhoofika, tunautumia udhaifu huo kuwa ushahidi wa kuipokonya tena. Nchi hii ilishaipita njia hii mara moja, ikaifikia mwisho wake, ikalazimika kurudi ilikotoka. Vijana wanaoingia leo kwenye utumishi wakiambiwa kwamba madaraka kurudi juu ni usasa wanastahili kuelezwa habari hiyo.

Mwaka 1972 Serikali ilitangaza mpango ulioitwa madaraka mikoani. Washauri wake walikuwa kampuni ya Kimarekani, McKinsey. Jina lilikuwa zuri na nia huenda ilikuwa njema, lakini kilichofanyika ni halmashauri za wilaya kuvunjwa, na baadaye za miji pia. Mahali pa madiwani waliochaguliwa wakakaa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa na maofisa waliotoka wizarani. Hoja za wakati ule ni zilezile tunazozisikia leo: halmashauri hazina wataalamu, zinakusanya kodi vibaya, zinachelewesha maendeleo, na taifa lina haraka.

Matokeo hayakuchukua muda. Miji ilikosa mwenyewe. Mitaro ikaziba, taka zikarundikana, barabara za mitaa zikachakaa, na afisa wa mkoa mwenye wilaya nzima mkononi hakuwa na sababu ya kujua kwamba dampo la mtaa fulani limefurika. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1977 na 1978, kiliikuta miji isiyo na chombo cha kuwajibika kwa usafi wake. Mwaka 1978 Bunge likatunga sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikaja sheria tatu, Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji na Namba 9 ya fedha za serikali za mitaa, na mwaka 1984 mamlaka hizo zikaanza kazi upya na kuwekewa ulinzi kwenye Katiba. Ibara ya 145 na 146 zipo hadi leo, na ya pili inaeleza bila kuficha kwamba shabaha ya serikali za mitaa ni kuyafikisha madaraka kwa wananchi.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye uamuzi wa 1972 ulikuwa wake, alisema katika mahojiano ya mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya kuna mambo mawili asingeyarudia: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ni nadra kwa kiongozi wa hadhi yake kukiri jambo zito kiasi hicho hadharani akiwa bado madarakani. Wanaomtaja Mwalimu kila mwezi wa Oktoba wangefanya vyema kuisoma kauli hiyo kabla ya kupendekeza wakala mwingine.

Lakini hatukuisoma. Mwaka 1998 ilitolewa Sera ya Maboresho ya Serikali za Mitaa iliyoahidi ugatuaji wa madaraka, na miaka iliyofuata programu nzima ikaendeshwa kwa jina hilo. Huku programu ikiendelea, mwelekeo ukageuka. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, iliyofahamika vijijini kama kodi ya kichwa, ikafutwa. Ilikuwa kodi ya dhuluma iliyowafanya watu wawakimbie mgambo porini, na kuifuta kulistahili. Ila pengo lake lilizibwa kwa ruzuku kutoka juu, na ruzuku ina mwenyewe. Mwaka 2016 kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ni tegemeo la miji, ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), ingawa TRA ilishapewa kazi hiyohiyo kwa Dar es Salaam mwaka 2008 na miaka michache baadaye ikairudisha kwa manispaa. Mwaka 2017 ikaanzishwa wakala wa barabara, TARURA, na barabara za vijijini na mijini zikatoka mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2019 ikaanzishwa wakala wa maji, RUWASA, na maji ya vijijini nayo yakaondoka.

Nenda kasikilize baraza la madiwani la wilaya yoyote ya vijijini baada ya mabadiliko hayo. Diwani anasimama kuuliza lini kalavati lililosombwa na mvua za masika litajengwa, maana gari la wagonjwa haliwezi kuvuka. Mwenyekiti anajibu kwamba hilo ni la TARURA, na meneja wa TARURA ni mwalikwa, akifika atajibu. Diwani wa pili anauliza kuhusu pampu ya kisima iliyokufa; anaambiwa hilo ni la RUWASA. Wa tatu anauliza kodi za majengo ya mji mdogo zimekwenda wapi, anaelekezwa TRA. Wa nne anauliza kwa nini zahanati ina muuguzi mmoja. Jibu ni kwamba kibali cha ajira kinatoka Utumishi. Jioni madiwani wanarudi kwenye kata zao, na huko wanasubiriwa na watu waliowapigia kura kwa ajili ya barabara, maji, ushuru na zahanati. Wananchi hao wakisema diwani hana kazi, wamesema kweli. Kazi zake tumezihamisha.

Hiyo ndiyo picha ya chombo tunachokihukumu kwamba kimeshindwa. Kimeachiwa lawama, na nyenzo zimepandishwa juu.

Watetezi wa mwelekeo huu watasema kinachohesabika ni matokeo, na kwamba ukusanyaji wa kati ni bora zaidi. Tuitazame basi kodi ya majengo, kwa kuwa wao wenyewe huitoa kama mfano wa ubunifu. Tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilipoanza, nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mchukue mpangaji wa Mbagala mwenye chumba kimoja na mita yake. Kwa kiwango hicho, mwanzoni mwa mwezi aliponunua umeme wa shilingi 2,000, nusu yake ilikwenda kulipia kodi ya jengo ambalo si lake. Akienda kulalamika kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji hana la kumsaidia, kwani kodi ile haipiti kwake wala hajui imeingia kiasi gani. Akimfuata mwenye nyumba, inategemea huruma yake. Mfumo umekusanya fedha bila kujua nani mwenye mali na nani mpangaji. Chumba na sebule cha udongo na nyumba ya kifahari isiyo ya ghorofa vyote huitwa nyumba ya kawaida na hulipa sawa, kwa sababu kutofautisha kunahitaji mthamini anayeufahamu mtaa, na mtu huyo ni wa halmashauri.

Kuna hasara nyingine kubwa zaidi. Kodi ya majengo inapolipwa manispaa, mlipaji ana neno la kusema: nimelipa, mtaro wangu uko wapi? Swali hilo ndilo linaloifanya manispaa ifanye kazi. Kodi ikishazama kwenye LUKU na kuingia kapu kuu la Serikali, swali halina pa kuelekezwa. Shirika la umeme haliwezi kuulizwa habari za mitaro. Fedha zimepatikana, na uhusiano kati ya mlipakodi na anayemhudumia umekatika.

Sipingi mashine. Namba za malipo ya Serikali na mashine za POS zimepunguza fedha kupita mkononi mwa watu, na hilo ni jema. Lakini mfumo unasema fedha iliingia lini na kwa njia ipi. Hausemi nani aamue itumike wapi. Teknolojia inayopeleka taarifa za makusanyo ya kijiji hadi Dodoma kwa sekunde chache inaweza pia kumletea mwanakijiji taarifa hizohizo kwenye simu yake. Kama haifanyi hivyo, kuna mtu aliyeamua nani aone hesabu na nani asione.

Sasa nije kwenye hoja yao nzito, nayo ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Mwaka hadi mwaka CAG huonyesha makusanyo ya halmashauri yasiyopelekwa benki, malipo yasiyo na nyaraka, miradi iliyolipiwa kabla ya kukamilika. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilifikia hatua mbaya: vikundi hewa, marejesho yasiyorudi, hadi Serikali ikaisimamisha mwaka 2023 na kuirudisha mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Yote hayo ni kweli. Waliokula fedha zile waliwaibia akina mama wauza mboga na vijana wa bodaboda, na wanastahili jela.

Ila CAG haandiki ripoti moja. Anaandika pia ya Serikali Kuu, ya mashirika ya umma na ya miradi ya maendeleo, na kurasa zake hazipungukiwi na hasara. Fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje, shilingi bilioni 133 zilizolipwa isivyo halali mwaka 2005/06, zilitoka Benki Kuu, taasisi yenye wasomi wengi kuliko halmashauri zote za mkoa. Palipotokea uovu huo watu walishitakiwa na taratibu zikakazwa. Hakuna aliyesema Benki Kuu ivunjwe. Kwa nini basi wizi wa juu unatibiwa kwa kumwadhibu mwizi, na wizi wa chini unatibiwa kwa kumnyang'anya madaraka mwananchi aliyeibiwa? Mtendaji anapokula fedha za kijiji, kijiji ndicho kilichopoteza. Kukiondolea kijiji haki ya kusimamia fedha zake ni kukiibia mara ya pili.

Na dawa ya wizi wa ngazi ya chini inafahamika. Nchini Uganda, kati ya mwaka 1991 na 1995, watafiti waliofuatilia ruzuku ya shule za msingi waligundua kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya fedha hizo iliyofika shuleni. Sehemu kubwa iliishia kwenye ofisi za wilaya. Serikali ya Uganda haikuwanyima watu wa chini habari za fedha hizo. Ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya na kuzitaka shule zibandike ukutani kiasi zilichopokea. Mzazi akajua cha kudai, na sehemu iliyofika shuleni ikaongezeka sana. Sisi tayari tuna sheria inayotaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu wazima wote wa kijiji. Katika vijiji vingi mkutano huo huitishwa tu anapokuja mgeni mkubwa. Anayetaka kukomesha wizi aanzie hapo.

Wengine watanikumbusha Dar es Salaam ya mwaka 1996, pale halmashauri ya jiji ilipovunjwa na tume iliyoongozwa na Charles Keenja ikaliendesha jiji hadi mwaka 2000. Tume ile ilifanya kazi nzuri, na wakazi wa wakati ule wanaikumbuka. Lakini ilifanikiwa kwa kukusanya mapato ya jiji na kuyatumia jijini, na ilikuwa na siku ya mwisho: ilipomaliza, madaraka yalirudi kwa madiwani waliochaguliwa wa Ilala, Kinondoni na Temeke. Hiyo ni tofauti kabisa na kuhamisha mapato na kazi moja kwa moja bila ahadi ya kurudisha.

Ushahidi mkubwa kuliko wote umetolewa na Serikali yenyewe, na sielewi kwa nini hausemwi. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa IMF wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, takriban shilingi trilioni 1.3, na kati ya kazi zilizopangwa ilikuwa kujenga madarasa 15,000 ili wanafunzi wa Januari 2022 wapate pa kukaa. Muda ulikuwa miezi michache. Kazi hiyo ilipelekwa wapi? Haikupewa wakala mpya. Ilishushwa hadi kwenye halmashauri na shule, kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa mtaani, chini ya kamati za wananchi zilizonunua saruji, kupokea mabati na kuhesabu matofali. Fundi alikuwa mtu wa pale, mjumbe wa kamati alikuwa mzazi, na nondo zikipungua kila mtu alijua nani wa kuulizwa. Madarasa yakasimama. Ndivyo ilivyokuwa pia kuanzia mwaka 2002 chini ya MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ada ilipokuwa imefutwa na watoto wamefurika: kamati za shule zilijenga. Taifa linapokuwa na haraka ya kweli huwakimbilia walewale ambao siku nyingine linasema hawawezi.

Majirani zetu Kenya nao wanalo somo. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47 na kuzihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Magavana wengi wamefuja, na safari za nje za wawakilishi wa wadi zimewaudhi Wakenya kwa haki. Lakini itazame Makueni. Mwaka 2014 ugomvi wa gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti ulifikia hatua ya risasi kufyatuliwa. Wakazi waliomba kaunti isimamishwe, tume ya uchunguzi ikaunga mkono, na kwa mantiki ya wengi wetu hapo ndipo pangekuwa mwisho. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuisimamisha. Makueni ikaachwa imalize matatizo yake yenyewe mbele ya wapiga kura wake. Miaka iliyofuata ikawa kaunti inayotembelewa na wengine kujifunza: kamati za wananchi zinazosimamia miradi na kukataa kazi mbovu, na mpango wa afya ulioanza mwaka 2016 ambao kaya ilichangia shilingi 500 za Kenya kwa mwaka. Chombo kilichokuwa kikigombana kilikomaa kwa sababu kiliachiwa nafasi ya kukomaa.

Sensa ya mwaka 1967 ilituhesabu milioni 12.3, ya mwaka 2022 ilitukuta milioni 61.7. Tuna vyama vingi tangu 1992, tuna wahitimu wa kidato cha nne hadi vitongojini, tuna simu mkononi mwa muuza samaki. Wapo wanaosema nchi kubwa na yenye mambo mengi hivi inahitaji mkono mmoja wenye nguvu. Naona kinyume chake. Mwaka 1972, tukiwa wachache na wasomi wetu wakihesabika, mkono mmoja haukuweza kuusafisha mtaro. Leo halmashauri ni 184, kila moja na mvua zake, mazao yake, magonjwa yake na vijana wake wasio na kazi. Hakuna ofisi moja inayoweza kuyajua yote hayo kwa ukomo wa bajeti na miongozo inayofanana.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Kodi ya majengo irudi kwa mamlaka za mitaa, ikusanywe kwa mfumo huohuo wa kisasa lakini iingie kwenye akaunti ya halmashauri na itozwe kwa thamani ya jengo, kwa mwenye jengo. Mipango na bajeti za TARURA na RUWASA wilayani zipitishwe na baraza la madiwani, na mameneja wake wawajibike kwa baraza hilo badala ya kufika kama wageni. Mkurugenzi wa halmashauri apatikane kwa ushindani wa wazi, na madiwani wawe na uwezo wa kumwondoa. Mapato na matumizi ya kila kijiji na mtaa yabandikwe na kutumwa kwenye simu, na mkutano mkuu usipoitishwa kwa robo mwaka mtendaji achukuliwe hatua.

Na uchaguzi wa mitaa uwe uchaguzi. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na nafasi karibu zote zikachukuliwa na chama kimoja, nyingi bila kupingwa. Mwenyekiti wa mtaa ambaye hajawahi kuiogopa kura ya jirani yake hana sababu ya kumsomea hesabu. Huwezi kuua ushindani kisha ukalalamika kwamba viongozi wa chini hawawajibiki.

Utumishi wa umma utaendana na nyakati siku mwananchi wa Namtumbo au Nzega atakapomwona kwa macho anayeamua juu ya barabara yake, akajua ana fedha kiasi gani, na akawa na uwezo wa kumwondoa akizitumia vibaya. Anayependekeza wakala mwingine, au kodi nyingine ya kupandishwa juu, aulizwe kwanza ni kipi kati ya hivyo vitatu anachompa mwananchi huyo. Kama hana jibu, pendekezo lake lirudishwe.